Nilimwota marehemu bibi nikiwa kwenye nusukaputi. Je, dawa ilikuwa kidogo?

"Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36. Miezi minne iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo kwa nusukaputi. Nakumbuka nilivalishwa barakoa, nikaingiziwa kwenye dripu dawa nyeupe kama maziwa, mkono ukawaka moto, basi. Kilichofuata, niko uani kwa bibi yangu mzaa mama, Lushoto. Bibi alifariki 2016. Alikuwa anachambua mboga, na mbuzi wake amefungwa kengele shingoni, kengele inalia tu, haikomi. Bibi akaniambia, 'Inuka, fungua macho, jua limezama.' Nikafungua macho nikajikuta nimezungukwa na watu waliovaa nguo za kijani, nalia. Maumivu ya kukatwa sikuyasikia kabisa. Sasa kila mtu ana lake. Jirani yangu aliyewahi kufanya kazi hospitali anasema anayeota hakulala, dawa ilikuwa kidogo. Mama mkwe anasema nilikuwa nimeshakwenda, bibi akanirudisha. Mume wangu anataka kujua nilisema nini. Na mdogo wangu, aliyepata ajali ya bodaboda mwaka jana akasafishwa kidonda kwa ketamini, anasema alipaa juu ya bati akajiona amelala chini, na mpaka leo ukimtajia sindano anatetemeka. Mwezi ujao natakiwa kutolewa tezi la shingo. Nimeogopa kiasi cha kutaka kughairi. Naweza kuomba ile sindano ya mgongo niliyochomwa nilipojifungua kwa upasuaji?"

Marahaba, mama. Pole na upasuaji, na pole zaidi kwa kukaa na hofu hii miezi minne bila mtu wa kukueleza. Kukueleza ilikuwa kazi yetu sisi wa usingizi, na mara nyingi hatuifanyi. Tukishaona mgonjwa anapumua vizuri na anaitika jina lake, tunamkabidhi wodini na kumkimbilia anayesubiri mlangoni.

Nianze na linalokusumbua zaidi. Kwa jinsi ulivyoeleza, sioni dalili kwamba ulikuwa macho wakati unakatwa. Uliota, na ndoto yako inaonekana ilikujia dakika za mwisho kabisa, kisu kimeshawekwa chini na dawa inakutoka. Sababu ya kusema hivyo imo ndani ya maneno yako mwenyewe. Nitaifikia, ila kwanza tuliweke sawa neno "kulala".

Tunalitumia kwa sababu linamtuliza mgonjwa, lakini ndilo linalowachanganya watu. Aliyelala kitandani kwake ukimfinya anaamka. Aliye kwenye nusukaputi anapasuliwa tumbo na haamki. Usingizi wa nyumbani unakwenda kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90, na ndani yake kuna kipindi ambacho macho hucheza chini ya kope. Watafiti wawili wa Chicago, Aserinsky na Kleitman, walikieleza mwaka 1953, na ukimwamsha mtu katikati ya kipindi hicho mara nyingi atakusimulia ndoto. Nusukaputi haina mizunguko hiyo. Tukimbandika mgonjwa vipimo vya umeme wa ubongo kwenye paji la uso tunaona mawimbi mapana yanayokwenda polepole, na dawa ikizidi sana mawimbi hukatika: yanaibuka, yananyamaza, yanaibuka tena. Kwa hiyo jirani yako hajauliza swali la ovyo. Kama huko hakuna kipindi cha ndoto, ndoto yako ilitoka wapi?

Ile dawa nyeupe bila shaka ni propofoli. Weupe wake ni wa mafuta ya soya ambayo dawa huchanganywa nayo, na kuunguza mkono inapoingia ni kawaida yake. Ubongo wetu una kemikali yake ya asili, kwa kifupi GABA, ambayo kazi yake ni kuzituliza seli zisipige kelele zote kwa pamoja. Propofoli huiongezea nguvu kemikali hiyo, na gesi za usingizi nazo hufanya karibu vivyo hivyo. Ndani ya nusu dakika hivi sehemu za ubongo zinazozungumza mchana kutwa, hii ikiona, ile ikikumbuka, nyingine ikiamua, zinaacha kusikilizana. Dozi moja haidumu. Baada ya dakika chache damu inakuwa imeihamishia kwenye misuli na mafuta, ndiyo maana tunaendeleza kwa gesi ya mashine au kwa dripu ya dawa hiyohiyo mpaka mshono wa mwisho.

Kisha tunafunga gesi, tunasubiri. Ubongo hauwaki kwa mkupuo kama taa. Unapanda taratibu, na njiani unapita mahali pa katikati ambapo mtu hayuko kwenye nusukaputi nzito wala hajawa macho, hali inayokaribiana na usingizi wa alfajiri. Sauti zinaanza kuingia, ila hazijui zitue wapi, maana mwenye nyumba hajaamka. Ubongo unazipokea na kuzitungia kisa.

Sasa turudi kwenye kengele ya mbuzi. Kwenye kidole chako kulikuwa na kibanio chenye mwanga mwekundu kinachopima oksijeni ya damu. Kwa kila pigo la moyo kinalia, ti, ti, ti, mwanzo hadi mwisho. Mlio huo huwa mwembamba oksijeni ikiwa nzuri, na hushuka ukawa mzito oksijeni ikipungua, kwa hiyo hata nikiwa nimekupa mgongo navuta dawa kwenye sindano, masikio yangu yako kwenye kidole chako. Na bibi alikuambia nini? "Fungua macho." Sidhani kama kuna maneno niliyoyatamka mara nyingi zaidi maishani mwangu kuliko hayo mawili. Karibu kila mtu wa kazi yangu huyasema mwisho wa upasuaji, ameinama sikioni kwa mgonjwa, mkono begani. Ninaamini mwenzangu alikuita, na wewe ukamsikia kwa sauti ya mtu aliyekuwa akikuamsha utotoni.

Sikusudii kukunyang'anya bibi yako. Ninachokueleza ni njia ndoto iliyopitia. Kwa nini ikamchukua yeye na si shangazi au mwalimu wako wa darasa la kwanza, hayo ni ya kwako na ya nyumbani kwenu, na kama yalikufariji usimruhusu mtu ayachezee. Ila kwa mama mkwe nenda na jibu hili: kama moyo wako ungesimama, ungekandamizwa kifua, ungeamka ukiwa chumba cha wagonjwa mahututi au angalau chini ya uangalizi mkali, na tukio hilo lingeandikwa kwenye faili na familia ikaitwa. Na kama kengele ile ilikuwa mashine, basi uliyokuwa ukiisikia bila kukoma ni mapigo ya moyo wako mwenyewe.

Jirani yako naye ana jibu lake, na limeshafanyiwa utafiti. Mwaka 2007 Profesa Kate Leslie na wenzake wa Australia walichapisha matokeo ya wagonjwa 300, wenye afya njema na umri kati ya miaka 18 na 50, walioulizwa mara tu walipozinduka. Asilimia 22 walisema wameota. Hiyo ni zaidi ya mmoja katika kila watano! Watafiti walikuwa wamewapima wote kina cha usingizi kwa mashine ya kusoma ubongo wakati wa upasuaji, na kwa jumla waliolala bila kuota na walioota hawakutofautiana kwa kina. Tofauti ilikuwa kwingine: walioota walikuwa vijana zaidi, walikuwa watu wa kukumbuka ndoto hata wakiwa nyumbani, wengi zaidi wao waliendelezwa kwa propofoli, na walifungua macho mapema baada ya upasuaji. Ndoto nyingi zilikuwa za kawaida na za kupendeza, hazikuhusu kisu wala hospitali. Kwa hiyo ndoto peke yake haithibitishi kwamba dawa ilipunjwa.

Ndoto hizi huyeyuka upesi, ndiyo maana wengi hudhani hawakuota. Nakumbuka mzee mmoja mvuvi tuliyemtengeneza ngiri. Nilipofunga gesi mikono yake ilianza kuvuta kitu, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kwa mwendo uleule wa mtu anayepandisha jarife ndani ya ngalawa. Alipozinduka akaniuliza kwa wahka kama samaki wameshagawanywa. Baada ya saa moja hivi nikampitia wodini kumjulia hali nikamtajia wale samaki. Alinitazama kama mtu anayesikia habari za mwingine.

Kuna jambo jingine kabisa ambalo jirani yako analichanganya na ndoto, na hilo ni zito: kurudiwa na fahamu upasuaji ukiendelea. Huko mtu husikia maneno yaliyosemwa kweli, huhisi kuvutwa au maumivu, hutaka kupiga kelele akashindwa. Anashindwa kwa sababu katika upasuaji mwingi tunatoa pia dawa ya kulegeza misuli, ili mrija uingie kooni bila kuumiza na tumbo lilegee. Dawa ya kulegeza hailazi. Inamfunga mtu mwili tu, na kama ya kulaza imepungua, hana namna ya kutujulisha.

Uchunguzi mkubwa zaidi wa jambo hili ulifanywa na vyama vya madaktari wa usingizi wa Uingereza na Ireland, ukatolewa mwaka 2014. Walihesabu waliojitokeza wenyewe kulalamika: takriban mmoja kati ya wagonjwa 19,000. Pale dawa ya kulegeza misuli ilipotumika ilikuwa mmoja kati ya 8,000 hivi, na pale isipotumika mmoja kati ya 136,000. Kwa waliojifungua kwa upasuaji chini ya nusukaputi, mmoja kati ya 670. Karibu theluthi mbili ya matukio yalitokea wakati wa kuingia usingizini au wa kutoka, si katikati ya upasuaji. Hizo ni hesabu za kwao, zenye vifaa vyao, na za waliosema bila kuulizwa. Mgonjwa akifuatwa na kuulizwa maswali maalumu idadi hupanda: huko Sweden walipowahoji karibu wagonjwa 12,000, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalikuwa kati ya mmoja na wawili kwa kila elfu, na wengine kumbukumbu iliwajia siku kadhaa baadaye. Ni jambo la nadra. Lakini lipo, na daktari atakayekuambia halipo anakukosea.

Kwa nini waliojifungua wako juu hivyo? Kwa sababu kwa mama mjamzito tunabana dawa kwa ajili ya mtoto, tunakwenda mbio, na mama anayevuja damu mwili wake haustahimili dozi kamili. Hili nimeliona kwa macho yangu. Miaka mingi iliyopita nilimlaza mama aliyekuja anavuja damu, shinikizo limeshuka, nikampa kidogo nilichothubutu kumpa. Siku ya pili akaniambia aliota mtumbwi umepinduka, yeye yuko chini yake hawezi kupiga kelele, na juu wanaume wawili wanabishana kuhusu mkasi. Mkasi ule ulibishaniwa kweli. Nilikuwa nimesimama palepale. Ningeweza kumwambia "ni ndoto tu, mama," na yeye angebaki akijiona amerukwa na akili. Nilivuta kiti nikamweleza nilichompa, kwa nini kilikuwa kidogo, na kwamba alichosikia kilisemwa. Nikamwomba radhi. Alilia sana, kisha akasema anashukuru kujua kwamba hakuwa anabuni.

Tofauti ya mama yule na wewe iko ndani ya ndoto zenyewe. Kwake kulikuwa na mwili uliofungwa, na maneno ya thieta yaliyosemwa katikati ya kazi. Kwako kuna mbuzi, mboga, na sauti inayokuita uamke. Tuna maswali tunayotumia kutofautisha, yanaulizwa duniani kote tangu mwaka 1970, na unaweza kujiuliza mwenyewe leo ukiwa umetulia. Kitu cha mwisho unachokumbuka kabla ya kulala ni kipi? Cha kwanza baada ya kuamka? Kuna chochote unachokumbuka katikati? Uliota? Na lililokuudhi kuliko yote katika upasuaji ule ni lipi? Majibu yako kwa manne ya kwanza umeshaniandikia. Ya tano naihisi: kulia mbele ya watu usiowajua. Kulia wakati wa kuzinduka ni jambo tunaloliona mara kwa mara, hata kwa wanaume wazima, na hakuna aliyekucheka.

Kwa mume wako jibu ni fupi. Upasuaji ukiendelea usingeweza kusema neno, kwa maana mrija wa kupumulia hupita katikati ya nyuzi za sauti. Wakati wa kuzinduka mtu anaweza kuweweseka maneno mawili matatu, akaita watoto, akadai kandambili zake. Zile hadithi za dawa inayomfanya mtu aseme ukweli wote hazina msingi: aliyelewa dawa huchanganya ya kweli na ya kuota kwa pamoja. Na tukisikia lolote, linabaki humo ndani. Ni sehemu ya kiapo chetu.

Mdogo wako nampa nafasi kubwa zaidi, kwa sababu yaliyompata ni ya aina nyingine kabisa na yangeweza kupunguzwa.

Ketamini ilitengenezwa Marekani mwaka 1962 na kujaribiwa kwa binadamu mwaka 1964. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 1985, na sisi wa ukanda huu tunaijua thamani yake. Mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe, shinikizo la damu halishuki kirahisi, haihitaji mashine ya gesi, na umeme ukikatika saa nane usiku katika hospitali ya wilaya kazi haisimami. Wapo watu wengi walio hai leo kwa sababu ya kichupa kile kidogo. Lakini haifanyi kazi kama propofoli. Hailazi ubongo mzima kwa pamoja. Inaziba milango mingine ya seli, na matokeo yake ubongo unatenganishwa na mwili: maumivu hayafiki, macho yanaweza kubaki wazi yakichezacheza, huku ndani picha na sauti zinaendelea kutengenezwa bila kupata habari za mkono uko wapi wala mgongo umelalia nini. Mtu asiyepata habari za mwili wake huhisi anaelea, anapaa, anajitazama kutoka juu. Wengine huona rangi nzuri na kuzinduka wakitabasamu. Wengine huona kaburi. Watu wazima hupatwa na maruweruwe hayo zaidi kuliko watoto.

Kwa hiyo mdogo wako hakurogwa na hana kichaa. Alichoona ni kazi ya dawa ile ndani ya ubongo uliotoka kwenye ajali ukiwa umejaa hofu. Hofu ya kuingia nayo ina uzito, jamani. Nimeona tofauti kubwa kati ya kijana aliyechomwa huku watu wanapiga kelele juu ya kichwa chake na yule aliyeambiwa kwanza, "Utajisikia unaelea, ni dawa, itaisha, mimi niko hapa," akaulizwa habari za timu yake mpaka macho yakaganda. Kiasi kidogo cha dawa ya kutuliza, midazolamu au diazepamu, husaidia pia, na wakati wa kuzinduka tunamwacha mahali patulivu, hatumtikisi wala kumpiga vikofi mashavuni. Kama mpaka leo anatetemeka akisikia sindano, mwaka mzima umepita, hilo si la kungoja liishe lenyewe. Mpeleke akaonane na daktari au mtaalamu wa afya ya akili katika hospitali ya mkoa, aeleze alichokiona tangu mwanzo.

Kuna jambo hukuliuliza, nami nalisema kwa ajili ya wanawake wengine watakaosoma. Propofoli na midazolamu zinaweza kuleta ndoto za kimapenzi zilizo wazi mno, mtu akazinduka akiamini ametendewa kitu. Nalisema ili anayeota hivyo ajue si uchafu wa moyo wake. Lakini mtu yeyote asilitumie kumnyamazisha mwanamke. Mgonjwa aliyelazwa hawezi kujitetea, kwa hiyo ni haki yako kutoachwa na mtu mmoja peke yake, na ni haki yako kuuliza kabla, "Nani mwingine atakuwepo?" Ukizinduka na shaka, au na alama mwilini usizozielewa, sema siku hiyohiyo, omba kuchunguzwa na daktari mwingine, na ripoti. Kutenganisha ndoto na uhalifu ni kazi ya uchunguzi. Mgonjwa hapaswi kubebeshwa kazi hiyo akiwa kitandani.

Sasa tezi lako. Sindano ya mgongo haiwezi. Inatia ganzi kuanzia kifuani kushuka chini, na tukiipandisha mpaka shingoni itazima misuli ya kupumulia. Ipo ganzi ya kuchoma pande za shingo, na wapo waliotolewa tezi kwa njia hiyo, hasa ambao moyo au mapafu yao hayavumilii nusukaputi. Utakuwa macho, shingo imekunjwa nyuma, uso umefunikwa kitambaa, watu wanafanya kazi sentimita chache chini ya kidevu chako kwa saa moja, mbili au zaidi. Kwa mtu mwenye hofu kama yako sioni kama hilo ni nafuu. Mimi kwako ningechagua nusukaputi, na ndoto ya bibi isingenibadilisha mawazo.

Kughairi pia ni uamuzi, na una gharama yake. Sijui tezi lako lina ukubwa gani wala kwa nini linatolewa, kwa hiyo muulize daktari wako wa upasuaji: kama linabana njia ya hewa au linashukiwa saratani, kungoja ni hatari kuliko ndoto yoyote. Kama ni la kuchukiza kwenye kioo tu, miezi miwili ya kutuliza moyo haitakudhuru. Na hakikisha kipimo cha homoni za tezi kimefanyika na kiko sawa kabla ya kulazwa. Hilo kwa usalama wako lina uzito kuliko yote niliyoyasema.

Kabla ya siku yenyewe, omba kuonana na mtu wa usingizi, daktari au nesi, usisubiri mlangoni pa thieta. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, na kengele, na machozi. Mwombe akusomee kwenye faili la kidole tumbo ulipewa dawa gani na kiasi gani. Uliza kama atatumia dawa ya kulegeza misuli, na kwa shingo huenda atatumia, halafu uliza atajuaje kwamba umelala: wengine wana mashine ya kusoma ubongo, wengine wanapima kiasi cha gesi unayotoa kwa pumzi, wote wanatazama mapigo, shinikizo, machozi na jasho. Mwambie ukweli wote kuhusu pombe, bangi, mirungi, vidonge vya usingizi na dawa za mitishamba. Anayekunywa pombe nyingi kila siku anaweza kuhitaji dozi tofauti, na anayeficha ndiye anayetuweka pabaya. Unaweza kumwomba asikutie ketamini ila ikibidi. Kukuendeleza kwa gesi badala ya dripu ya propofoli huenda kukapunguza ndoto kidogo, lakini mwachie yeye achague linalofaa kwa mwili wako. Ndoto isiyoumiza si sababu ya kumfunga mikono.

Kuna hali ambazo ukiziona usiishie kuniandikia, nenda hospitali. Zikikurudia sauti au maneno ya thieta, au kumbukumbu ya kukabwa na kushindwa kusogea, hata kama zimekuja wiki ya pili. Ukipata majinamizi ya upasuaji yanayokuamsha usiku, moyo ukidunda ukipita karibu na hospitali, zaidi ya mwezi. Na kwa wazee, akianza kuona watu wasiokuwepo, kutomtambua mwanawe au kung'oa dripu siku mbili tatu baada ya upasuaji, hiyo si ndoto. Ni kuchanganyikiwa kunakoweza kuletwa na oksijeni ndogo, sukari, maambukizi, hata mkojo uliozuilika tu, na kunahitaji daktari usiku huohuo.

Siku ya upasuaji, ukiwa umelala pale na barakoa usoni, mimi huwaomba wagonjwa wangu wanitajie mahali wanapopapenda. Wewe tayari unapo. Ukizinduka utasikia koo linakwaruza kwa sababu ya mrija, na watakuomba useme jina lako kwa sauti, maana mshipa wa fahamu unaoendesha sauti unapita nyuma ya tezi na wanataka kuusikia uko salama. Taja jina. Halafu, kabla hawajakusukuma kwenda wodini, mwambie yule aliyekuamsha kama umeota, na umeota nini.